Nataka kazi ya utafiti wa uzee, lakini mimi ni mtoto wa Katuba. Nianzie wapi?

MjukuuWaMakala (Lubumbashi)

Ba yaya, ba papa na ba mama wa hapa, jambo. (Wa Nairobi na Dar: yaya kwetu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa mtoto. Msianze.)

Niko mwaka wa tatu wa saikolojia hapa Lubumbashi. Nakaa Katuba, komini (sehemu ya mji) ya watu maskini, kwa kambo wangu, mama mzaa baba. Yeye njo alinilea tangu niko na miaka minne, kwa makala (mkaa): anapokea mifuko, anapima kwa ndoo, anauza mbele ya nyumba. Baba anachimba upande wa Kolwezi, anarudi Noeli kama mambo imeenda. Mama alishafariki. Kwetu hakuna aliyefika inivasite mbele yangu. Nasema hii mapema ili mtu asinijibu "uliza mjomba wako munganga" (daktari). Sina.

Mwezi wa pili, mwalimu mmoja alitangaza darasani kwamba anatafuta wanafunzi wa kuzunguka makomini kuzungumza na wazee juu ya kumbukumbu. Niliruka. Tangu mwaka wa kwanza hiyo njo kitu nataka: kujua ubongo wa mzee unabadilika namna gani, nini ni uzee tu na nini ni ugonjwa. Masharti yakasomwa: uwe na laptop, usome Kiingereza, ulete barua ya mtu anayekujua, miezi mitatu bila malipo, transport juu yako.

Transport kutoka Katuba ni basi moja mpaka mjini, ingine mpaka Kasapa kwenye inivasite, na kurudi vilevile. Kambo alipiga hesabu kwa vidole: kila siku nikienda, ndoo mbili za makala zinaenda na mimi. Kwa miezi mitatu.

Walichukua watu sita. Karibu wote wanatoka Golf (mtaa wa matajiri) ao mjini, baba zao ni waganga wa hospitali ao maprofesa. Sisemi hawana akili, wanayo. Lakini mmoja wao, kijana mzuri tu, tunakaa benchi moja, aliniuliza kama wazee wa Katuba wanasikia Kifaransa. Nikamuuliza kama amewahi kukaa na mzee nusu saa. Akasema kambo wake alifia Ubelgiji.

Nikaona basi, nitajifunza peke yangu. Nikakopa fotokopi ya MMSE, ule mtihani wa kumbukumbu na akili wa pointi 30 uliotungwa Marekani mwaka 1975, kwa Kifaransa, nikaketi na kambo jioni moja baada ya kufunga makala.

Swali la majira. Karatasi inangoja moja kati ya manne. Sisi tuko na masika na kiangazi, kambo akajibu "wakati wa vumbi", na alikuwa na haki. Tarehe hakujua, siku ya juma alijua juu ya kanisa. Tuko kwenye etaji (ghorofa) ya ngapi? Aliangalia mabati, akaniangalia mimi, akauliza kama nimekula. Taja herufi za MONDE kwa kurudi nyuma. Kambo hajaingia darasani hata siku moja. Chora pembetano mbili zilizokatana: alishika bik kama mtu anashika nyoka kwa mkia.

Alipata 14. Chini ya 24 wanaanza kukushuku.

Na huyu mama wa 14 anashika kichwani madeni ya avenue mzima! Nani alichukua ndoo Jumanne, nani alilipa nusu, nani alisema mume atapita na hajapita. Ukimdanganya ndoo moja anakukumbusha na nguo uliyovaa.

Lakini siwezi kusema uongo hapa. Kuna mambo mengine. Mara tatu mwaka huu aliacha chungu kwenye moto mpaka kikakauka. Siku zingine, giza likianza, ananiita jina la mdogo wake aliyekufa zamani, na ananiuliza kama tumefunga mbuzi. Hatuna mbuzi. Karatasi inasema ni mgonjwa kwa maswali ya kipumbavu, mimi nataka kusema ni mzima kwa sababu ni wangu. Wote wawili hatufai. Hiyo njo inanifanya nitake kazi hii.

Sasa swali. Kazi ya namna hii iko kweli, kwa mtu kama mimi? Nimesikia Marekani wanafundisha wanafunzi wa mwanzo waliotoka kwa watu wasioonekana kwenye sayansi, ili wawe watafiti wa uzee. Je, inatuhusu? Na ninaanzaje bila laptop, bila barua, na ndoo mbili kwa siku?

FundiRadio_Likasi

Dada, nakuambia kama ndugu: soma malaria, soma kolera, soma lishe ya watoto. Huko kuna miradi na kuna perdiem. Wazee nani atatoa pesa? Huku kwetu hata kufika uzee kwenyewe ni bahati.

MjukuuWaMakala

Yaya, asanti, lakini toka nje uhesabu. Nimehesabu avenue yetu jana: nyumba 31, waliopita miaka 60 ni 19. Wengine ni wale waliobaki na wajukuu wakati wazazi walienda kwenye migodi. Watu wakisema "huku hakuna wazee" wanataka kusema hawajaandikwa. Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984, mimi nilikuwa bado, wewe pia labda.

Nesi_wa_Moshi (Tanzania)

Mdogo wangu, mfikishie bibi shikamoo yangu. Nimesoma habari ya etaji nikacheka peke yangu wodini, halafu nikaacha kucheka, maana na sisi tulikuwa tukiwauliza bibi zetu hayo hayo.

Nikupe kitu kimoja ambacho huenda hujakisikia. Hapa Kilimanjaro, wilaya ya Hai, watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipita nyumba kwa nyumba zaidi ya miaka kumi iliyopita kuwatazama wazee wa miaka 70 na kuendelea, zaidi ya watu 1,000. Baadaye kutokana na kazi ya huko wakatengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma. Hakuna kalamu. Hakuna pembetano. Unamwekea njiti nne za kiberiti kwa mpangilio fulani, unazivuruga, unampa azipange yeye. Unamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Unamsomea maneno, baadaye unamuuliza anayakumbuka mangapi. Na kimefanyika kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kutafsiriwa kichwani huku mzee anasubiri.

Mimi sikuwa kwenye utafiti ule, nimekutana na kipimo kazini tu. Lakini nilichojifunza ni hiki: mzee ambaye kwenye karatasi ya kizungu alionekana amepotea, kwenye njiti alinipangia vizuri kuliko mimi. Na mwingine aliyekuwa mwalimu wa shule, mwenye Kiingereza kizuri, anayepita mitihani yote ya karatasi, njiti zilimshinda. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa, familia ikasema walishaona tangu zamani ila walidhani ni ukali wa uzee.

Swali kwako: Kiswahili chenu ni chetu? Kama siyo, hapo una kazi.

MjukuuWaMakala

Mama, si chenu kabisa! Kiberiti sisi tunasema alimeti. Ugali ni bukari. Endelea, nasikiliza.

Mtoto_wa_Uvira (Louisville, Kentucky)

Dada yangu, nilitoka Uvira, nikapita kambini, nikafika huku na miaka 19. Hiyo programu unayouliza nilikuwa ndani ya moja, kwa hiyo nakuambia nilichokiona, kizuri na kibaya.

Marekani wana taasisi ya serikali ya utafiti wa uzee, National Institute on Aging, tangu 1974, ndani ya NIH, taasisi kubwa ya serikali ya utafiti wa afya. Kwa miaka mingi ilikuwa inalipa vyuo vifundishe wanafunzi wa digrii ya kwanza kutoka kwa makundi ambayo ni wachache kwenye sayansi: weusi, Walatino, wenyeji wa asili, watu wenye ulemavu, watoto wa maskini. Kuwa wa kwanza kusoma kwenu kilikuwa kimoja cha vigezo. Sasa usichukue pasipoti mbio: ilibidi uwe raia au mkaazi wa kudumu. Mimi nilipita kwa sababu nilikuwa na karatasi za ukimbizi zilizogeuka ukaazi. Halafu mwaka 2025 serikali ya huku ilikata pesa kwa programu nyingi za namna hii. Kwa hiyo usijenge nyumba yako juu ya msingi wa wengine.

Lakini sikiliza walifanya nini, maana hiyo mnaweza kuifanya hata Lubumbashi kwa pesa kidogo.

Kwanza, walinilipa. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo, nikifika darasani naona mwalimu wawili. Walipoanza kunipa posho nikaacha ghala. Hapo ndipo nikawa "mwenye akili". Akili ilikuwepo, usingizi ndio haukuwepo. Kila ninaposikia mtu anasema kijana fulani hana moyo wa utafiti, nauliza kwanza analala saa ngapi.

Pili, ilikuwa miaka miwili, si semina ya siku tatu na cheti. Kipindi cha kwanza chote nilikuwa mtu wa kuosha vyombo vya maabara na kusoma makala moja kwa wiki, moja tu, mpaka niweze kumweleza mtu mwingine kwa maneno yangu. Kipindi cha pili wakaniacha nikosee: nilimwaga sampuli za mwezi mmoja, mama yule aliyenisimamia akaniambia keti, tuandike tumepoteza nini. Hakupiga kelele. Nilikuwa tayari nimeshaanza kufunga begi kichwani.

Na tatu, hawakufanya hivyo kwa huruma, hii uishike. Utafiti wa uzee ulikuwa umejaa watu wa aina moja, na majibu yake yakawa na mashimo. Kuna kazi maarufu ilianza 1992, ikilinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na wazee weusi wa Indianapolis. Matokeo ya 2001 yalionyesha kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) walikuwa wachache zaidi Ibadan kuliko Indianapolis. Na ile jeni (chembe ya urithi) ya APOE e4 inayotajwa sana kama hatari, kwa Wayoruba uhusiano wake ulionekana dhaifu. Kama wangebaki kupima watu wa aina moja wasingejua kamwe kwamba kuna swali. Sasa nani atakwenda kuketi na mzee wa Ibadan, au wa Katuba, akaaminiwa? Mtu aliyelelewa na kambo. Huna barua ya kukutambulisha, lakini hicho unacho, na wale wa Golf wanapaswa kukisoma upya.

Na kazi ipo. Kuna Mkongomani mwenzetu, Jean Ikanga, mtaalamu wa saikolojia ya ubongo kwenye chuo cha Emory kule Atlanta, anafanya utafiti wa Alzheimer na wazee wa Kinshasa. Mtafute uone kazi zake, zimo kwenye mtandao.

Papa_wa_Gare (Lubumbashi, mstaafu)

Mwanangu wa Katuba, mjukuu wangu ameniwekea miwani na telefoni yake, ninaandika polepole, mnisamehe.

Nilifanya reli miaka 34. Wanafunzi walikuja kwetu Kamalondo mara moja, na karatasi, wakanipiga picha nikiwa na fulana, wakasema watarudi na matokeo. Nangoja. Wewe ukienda kwa mzee, rudi. Hata kama huna kitu, rudi useme huna kitu.

Ya pili. Utamuuliza mzee umri, atakudanganya bila kutaka. Karatasi yangu imeandikwa "karibu 1944". Karibu! Muzungu wa état civil (ofisi ya kuandikisha watu) aliangalia meno. Kama unataka umri wa kweli, usiulize miaka, uliza mambo. Mama yangu alikuwa na mimba ya kaka yangu mkubwa wakati wa mgomo wa wachimbaji, ule wa Desemba 1941 ambapo askari walipiga watu risasi hapa mjini. Mimi nilikuwa nimeanza kuvunja sauti wakati watu walipiga kura ya makomini mwaka 1957. Uhuru, 1960, na siku kumi na moja baada yake Katanga ikajitenga: mtu yeyote mwenye umri wangu atakuambia alikuwa wapi. Januari 1963, askari wa ONU (Umoja wa Mataifa) walishinda na mambo ya Tshombe, aliyeongoza Katanga, yakaisha. Mwaka 1966 tulilala Élisabethville tukaamka Lubumbashi. 1971 nchi ikawa Zaïre. Noeli ya 1979 walifuta noti za zaïre tano na kumi, watu walilia na magunia ya pesa mikononi. Ukimuuliza mama "ulikuwa umezaa mtoto wa ngapi wakati noti zilikufa?" utapata umri wake kuliko kwenye kadi.

Na kambo wako akiulizwa majina ya wakubwa wa sasa asijue, mpime kwa haya. Mimi gavana wa leo nasahau, lakini mashine ya mvuke naweza kukuambia namba yake.

Ya tatu. Nikijibu polepole si ubongo. Nafikiri kwa Kiluba, naileta kwa Kiswahili, na wewe unaniandika kwa Kifaransa. Njia ndefu hiyo, na hakuna basi.

Usinipimie siku ya kwenda kutafuta pensheni. Siku hiyo hata jina langu nalikosa.

CT_wa_Saikolojia (Lubumbashi)

Mimi ni CT, yaani shefu wa kazi (mwalimu chini ya profesa), kwenye kitivo kimoja hapa mjini, si lazima kiwe cha mwandishi. Nimesoma toka juu mpaka chini na nimeona aibu, kwa sababu masharti yale ya laptop na barua na miezi mitatu bure nimeyaandika mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja, nikidhani nachagua walio tayari. Nilikuwa nachagua wenye baba.

Nilibadilika kwa sababu ya uvivu, niseme ukweli. Wanafunzi wangu wa mwisho walirudi na fomu 40 zilizojazwa vizuri mno, majibu mazuri, na nilipopiga simu nyumba tatu nikakuta wazee hawakuwahi kuulizwa. Walikaa mkahawani wakajaza. Waliogopa kuingia komini ya Ruashi. Baada ya hapo, swali langu la kwanza kwa mwanafunzi ni: umewahi kuishi na mzee, ulikuwa unamfanyia nini? Na transport ninaitoa asubuhi, mkononi, hata kama ni ya watu wawili tu badala ya sita. Ukimlipa mtu baada ya mwezi, umemchagua mwenye akiba.

Sasa mambo ya kazi, dada, ambayo unaweza kuanza bila mimi.

Acha ndoto ya kuhesabu wagonjwa wa Lubumbashi yote. Watu wa TFC (kazi ya kuandika mwisho wa masomo) wanapenda sana asilimia. Kwa wazee 30 hutapata asilimia ya mji, utapata aibu. Lakini kwa wazee 30 unaweza kuonyesha neno gani la kipimo linavunjika, na kwa nini. Kuna kipimo kingine, CSI-D, ambacho kilijaribiwa kwa Wacree wa Kanada na kwa Wayoruba wa Ibadan waliotajwa hapo juu. Uzuri wake ni kwamba hakimuulizi mzee peke yake: kinamuuliza pia mtu anayeishi naye, kama bado anashika kazi zake, kama anapotea njia, kama ameanza kurudia hadithi. Chungu kilichokauka kina mahali pake pale. Deni la makala pia.

Lakini moja ya maswali yake ni "daraja ni nini?" Jaribu kumuuliza mama wa Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi) ao Katuba. Daraja! Nusu watakuambia ni kitu cha masomo, cha kupanda. Sisi tunasema kilalo. Mzee atakosa pointi, atashukiwa, na kosa ni la mtu aliyekopa karatasi ya Dar es Salaam akaona "ni Kiswahili, inatosha". Kwa hiyo TFC yako iko hapa: chukua maneno ya kipimo cha Kiswahili cha Tanzania, uyapitishe kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona ya kwanza ayarudishe, mlinganishe. Halafu keti na wazee kumi, umuulize kila mmoja: nikisema neno hili unasikia nini? Andika anavyosema, si unavyotaka aseme. Kazi hiyo mtoto wa Golf hawezi kuifanya bila wewe.

Kalenda ya Papa wa Gare ifanye kuwa sehemu ya fomu. Nimeinakili tayari, Papa, kwa ruhusa yako.

Laptop si lazima. KoboCollect inaingia kwenye telefoni ya kawaida ya Android, ni ya bure, inafanya kazi bila mtandao, unatuma ukipata mtandao. Makala ya Kiingereza soma moja kwa wiki kama yule wa Louisville. Omba idhini kwa kamati ya maadili kabla ya kugonga mlango hata mmoja, na kwa asiyeandika, dole gumba mbele ya shahidi ambaye si wewe. Mzee akichoka, funga karatasi.

Kama hujui kwa nini hii ni kazi ya watu wazima na si ya huruma: kuna kundi la watafiti liliitwa 10/66 kwa sababu theluthi mbili za wenye ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni walikuwa wanaishi kwenye nchi kama zetu, na chini ya asilimia 10 ya utafiti ndiyo ilikuwa inafanyika huko. Kumi juu ya sitini na sita, jina zima ni malalamiko.

Jambo la mwisho, na hili halina majadiliano. Usimpime kambo wako mwenyewe. Umejisema vizuri: ninyi wawili hamfai. Wewe ni mtu wa nyumba, utajibu upande wa mtu wa nyumba. Mwingine aulize.

Njoo Jumatatu, nitaandika mahali kwenye ujumbe wa siri. Nina transport ya watu wawili.

FundiRadio_Likasi

Sawa, nimehesabu avenue yangu. 23. Sisemi kitu.

MjukuuWaMakala

Nimerudi, ilipita wiki tatu, mnisamehe, megabaiti.

Jumatatu nilienda. CT alinipa transport asubuhi kama alivyosema, nikaishika mkononi mpaka Kasapa kwa sababu sikuamini. Wa pili aliyechukuliwa mnajua ni nani? Yule wa benchi langu, wa Golf. Niliwaza kubisha. CT akasema yeye anajua Kiingereza, wewe unajua kilalo, mtanionyesha nani atachoka kwanza.

Tulifanya orodha ya maneno. Mama wa Moshi, njiti zimekuwa alimeti, na tuligundua kwamba wazee wengi hawapendi uzivuruge, wanaona ni uharibifu, moja ni pesa. Sasa tunaanza kwa kusema "hizi zangu, nitabaki nazo". Kwa wanyama, mwanaume mmoja wa Kenya alitaja samaki tu, alivua ziwa Bangweulu ujanani, samaki 17 kwa dakika moja. Tulibishana saa nzima kama tumpe pointi. CT akasema andikeni mabishano yenyewe, hiyo njo TFC.

Papa wa Gare, noti zilizokufa zinafanya kazi kuliko kadi ya kura. Mama mmoja alikuwa na kadi ya miaka 58, kwa kalenda yako amefika 70 na kitu. Nitapita Kamalondo Jumamosi na karatasi za matokeo ya kwanza, hata kama ni machache. Niambie tu ni nyumba gani kwa ujumbe wa siri, na vaa shati.

Na kambo. Yule kijana alikuja Katuba Alhamisi kumuuliza, mimi nikatumwa kukaa nje nilinde makala. Nilisikia yote kupitia dirisha. Alimuuliza kilalo ni nini, kambo akamwambia ni kitu cha kuvukia mto bila kulowa, halafu akamweleza cha mto Kafubu na nani alianguka pale na lini. Alipanga alimeti sawa. Maneno kumi, baada ya muda, alikumbuka mawili. Mawili tu. Alimuuliza mara ya pili taratibu, kama tulivyofundishwa, na kambo akasema, "Mwanangu, ulinipa maneno? Wewe ni wa nani?" Kijana akanyamaza kidogo, akasema jina la baba yake, na jina la kambo wake aliyefia Ubelgiji.

Upande wa mtu wa nyumba nilijibu mimi, siku ingine, kwa CT mwenyewe. Nilisema chungu. Nilisema mbuzi. Hakuniambia kitu bado, amesema tutampeleka kwa daktari wa neva pamoja na wengine watatu, kwanza waangalie presha na macho na masikio kabla ya kutaja jina lolote.

Kijana alipotaka kuondoka kambo alimuuliza kama kwao wanapikia nini. Akasema stima. Akamuuliza stima ikienda? Akakosa jibu. Amepanda taksi ya Golf na ndoo ya makala katikati ya miguu, na kambo anajua mpaka leo kwamba alilipa nusu.